Hesabu ya Bahati Mikononi mwa Watoto

Konsili ya nne ya Laterano, katika mwaka wa 1215, iliandika katika kanuni yake ya 16 kwamba wakleri wasicheze dadu wala michezo mingine ya bahati, tena wasikae hata kuwatazama wengine wakicheza. Sisi tuliosoma historia ya Eklezya tunaijua kanuni hiyo, na sababu zake si ngumu kuzielewa: feza zilipotea, matusi yalitoka, na urafiki ulikufa mezani. Lakini ndani ya dadu ile ile iliyokatazwa kulikuwa na elimu, na elimu hiyo leo inafundishwa katika shule za sekonderi kwa jina la probabilite. Nataka kueleza namna ilivyotoka kwenye meza ya wachezaji ikafika kwenye kiti cha shule. Na zaidi sana nataka kuuliza neno moja ambalo mabuku hulipita mbio: ni lini mtoto mwenyewe alipewa dadu mkononi kusudi ajifunze?

Karibu miaka 250 kabla ya Konsili ile alikuwako padri mmoja, jina lake Wibold, arkidiakono wa Noyon katika kaskazini ya Ufaransa, ambaye mnamo mwaka 965 alifanywa askofu wa Cambrai. Huyu aliona kwamba wakleri waliopenda dadu hawataiacha kwa kukatazwa tu. Basi akawatungia mchezo mwingine wa dadu, mchezo wa kikleri. Alihesabu kila namna ambavyo dadu tatu zinaweza kulala mezani, akapata namna 56, na kila namna akaipa jina la fadhila moja. Mapendo yalikuwa ya kwanza: moja, moja, moja. Aliyerusha dadu alitafuta fadhila, hakutafuta feza za mwenzake.

Hesabu ya 56 ni sahihi, na mwanafunzi ye yote anaweza kuihakikisha. Kuna namna 6 ambazo dadu zote tatu zinafanana, namna 30 ambazo mbili zinafanana na ya tatu ni mbali, na namna 20 ambazo zote tatu ni mbalimbali. Jumla 56. Lakini jambo moja halikuonekana. Tupake dadu zetu rangi: moja nyekundu, moja nyeupe, moja nyeusi. Kupata moja, moja, moja kuna njia moja tu. Kupata moja, moja, mbili kuna njia tatu, maana ile mbili inaweza kuwa ya nyekundu, ya nyeupe, au ya nyeusi. Kupata moja, mbili, tatu kuna njia sita. Basi hesabu ya njia zote ni 6, na 90, na 120, yaani 216. Ndiyo kusema katika mchezo wa Wibold mapendo yalikuja mara 1 katika 216, lakini fadhila yenye namba tatu mbalimbali ilikuja mara 6 katika 216. Sidhani kwamba askofu alitaka kuwafundisha wakleri wake kwamba mapendo ni haba kuliko fadhila nyingi nyingine. Dadu zake zilisema hivyo bila kuulizwa.

Tofauti hiyo kati ya 56 na 216 iliandikwa wazi katika karne ya 13, katika shairi la Kilatini linaloitwa De vetula. Mtungaji alijificha nyuma ya jina la Ovidius, mshairi wa Roma ya zamani, na katikati ya habari zake aliweka hesabu nzima ya dadu tatu. Watu walisoma shairi, hesabu ikakaa kimya kwa muda mrefu.

Iliamshwa na wachezaji. Kati ya mwaka 1613 na mwaka 1623 Galileo aliandika kurasa chache juu ya swali aliloletewa. Kwa dadu tatu, jumla ya 9 hupatikana kwa namna sita, na jumla ya 10 kwa namna sita vile vile. Lakini wachezaji wa muda mrefu waliona kwamba 10 huja mara nyingi zaidi kidogo. Je, macho yao yalidanganyika? Galileo akahesabu njia, si namna: 9 ina njia 25, na 10 ina njia 27, katika 216. Macho yalisema kweli. Natamani wenzangu wakae kidogo mbele ya jambo hili. Tofauti ni njia mbili tu katika 216, na watu wasiojua elimu waliihisi kwa kurusha na kurusha tena. Hawakuweza kuieleza, lakini waliihisi. Mkono ulitangulia, kalamu ikafuata.

Juu ya Pascal na Fermat, na barua zao za mwaka 1654, sitasema mengi. Kila buku la shule linaanza nao, na wanastahili. Waliulizwa namna ya kugawanya feza za mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha, wakajibu kwa akili tupu, pasipo kurusha dadu hata moja. Tangu siku zile hesabu ya bahati ikawa mali ya wenye elimu. Ilipata fahari, lakini wenye elimu nao walianza kuamini kwamba mtu mwenye akili hana haja ya kurusha.

Bwana d'Alembert alikuwa mmoja wa wakubwa wa hesabu katika Ufaransa. Katika mwaka 1754, ndani ya buku la nne la Encyclopédie, aliandika juu ya mchezo wa kurusha sarafu. Swali lilikuwa jepesi: nikirusha sarafu mara mbili, ni kwa kiasi gani ninaweza kutumaini kuona kichwa walau mara moja? Walimu wote walijibu: mara 3 katika 4. D'Alembert akakataa. Alisema: kichwa kikija mara ya kwanza, mchezo umekwisha, hakuna haja ya kurusha tena. Basi yako mambo matatu tu: kichwa mara ya kwanza, au namba kisha kichwa, au namba kisha namba. Mawili ni mema, moja ni baya. Jibu ni 2 katika 3.

Maneno yake yana sura ya kweli. Nimeyaona mwenyewe yakiwashinda wanafunzi wenye akili nzuri, na kila mara hukawia kuona kosa, yaani kwamba mambo yale matatu hayana uzito mmoja, sawasawa na zile fadhila 56. Lakini tazameni: hapakuwa na haja ya kubishana. Sarafu ilikuwako mfukoni. Ukicheza mchezo huo mara 400, walimu wanakuahidi kichwa mara 300 hivi, na d'Alembert anakuahidi mara 267 hivi. Tofauti hiyo si ndogo. Ni kazi ya mchana mmoja.

Kazi hiyo ilifanywa, lakini kwa sababu nyingine, na aliyeifanya alikuwa mtoto. Katika mwaka 1777 Buffon, yule mwenye kuandika juu ya wanyama, alitoa maandiko juu ya hesabu na maisha ya watu. Humo alichunguza mchezo uliowasumbua wenye hesabu tangu mwaka 1713. Unarusha sarafu mpaka kichwa kitokee. Kikitokea mara ya kwanza, unapewa eku 1. Mara ya pili, eku 2. Mara ya tatu, eku 4. Mara ya nne, eku 8, na kuendelea hivyo kwa kuongeza mara mbili. Mtu alipe kiasi gani ili aingie katika mchezo huo? Hesabu ya karatasi ilisema: hata akilipa mali yote ya dunia, bado anapata faida. Akili ya kila siku ilisema: mtu mwenye busara hatatoa hata eku 20. Buffon hakuridhika na karatasi. Alimpa mtoto mmoja sarafu, akamwambia acheze mchezo ule mara 2,048.

Matokeo tunayo. Kichwa kilikuja mara ya kwanza katika michezo 1,061; mara ya pili katika 494; mara ya tatu katika 232; kisha 137, 56, 29, 25, 8, na mwisho 6. Kwa hesabu ya karatasi ingetazamiwa 1,024, 512, 256, 128, 64, 32, 16, 8, kisha hiyo mabaki. Linganisheni wenyewe. Namba zinafuatana kama watu wawili wanaotembea njia moja bila kushikana mikono. Mahali pamoja, pale pa 25 na 16, mmoja amekimbia mbele. Feza zote zilizopatikana zilikuwa eku 10,057, yaani karibu eku 5 kwa kila mchezo, na Buffon akashika hiyo 5 kuwa bei ya busara.

Sasa nataka kuongeza neno langu. Tukijumlisha michezo ambayo kichwa kilitokea katika mara mbili za kwanza, tunapata 1,061 na 494, yaani 1,555. Walimu wa zamani wangengoja 1,536. D'Alembert angengoja 1,365. Swali la mwaka 1754 lilijibiwa na mkono wa mtoto, na d'Alembert alikuwa angali hai, maana alikufa mwaka 1783.

Na huyo mtoto? Jina lake halikuandikwa. Alirusha sarafu mara elfu nyingi, na aliyejifunza alikuwa bwana. Hakuna aliyemwuliza: «Unaonaje? Wawaza nini juu ya yale 25?» Mkono wake ulitumika kama vile tunavyotumia kinu. Hapo ndipo swali langu la kwanza linaposimama, na jibu lake lilikawia karibu miaka mia mbili.

Katika mwaka 1951 Jean Piaget na Bärbel Inhelder, katika Geneva, walitoa buku juu ya namna wazo la bahati linavyozaliwa ndani ya mtoto. Waliwapa watoto kisanduku chenye gololi zilizopangwa kwa rangi, wakakiinamisha huku na huku. Watoto wadogo walitazamia kwamba gololi, baada ya kuchanganyika, zitarudi kila moja pahali pake. Waliwawekea gurudumu la kuzunguka lenye sumaku ya siri, wakasikiliza watakavyosema gurudumu likisimama kila mara pahali pamoja. Kazi hiyo ni kubwa. Lakini wao walikuwa wachunguzi, hawakuwa walimu: walitaka kujua mtoto wa miaka fulani anaelewa nini, hawakutaka kujua angeelewa nini kama angecheza mwaka mzima.

Aliyetaka kujua hilo alikuwa mwalimu wa Hungaria, Tamás Varga, aliyezaliwa mwaka 1919 akafa mwaka 1987. Katika mwaka 1962 UNESCO iliita mkutano katika Budapest juu ya mafundisho ya hesabu, na mwaka uliofuata Varga alianza majaribio yake katika kalasi mbili za mwaka wa kwanza wa primeri. Si sekonderi: primeri! Mtoto alipewa vitu vya kushika, akacheza, akabahatisha kwanza, kisha akaandika, kisha akalinganisha aliyoyabahatisha na aliyoyaandika. Bahati haikungoja kalasi za mwisho. Iliingia pamoja na kujumlisha na kutoa.

Mchezo wake mmoja umejulikana hata kwa wenye elimu ya juu. Kalasi inagawanywa katika sehemu mbili. Watoto wa sehemu ya kwanza wanarusha sarafu mara 200 na kuandika kila mara kichwa au namba. Watoto wa sehemu ya pili hawana sarafu; wanaandika 200 za uongo, wakijitahidi zifanane na za kweli. Makaratasi yanachanganywa, mwalimu anayapokea, na kwa kutazama tu anayatenga: hii ya kweli, hii ya uongo. Mara nyingi hakosi. Watoto wanashangaa kama mbele ya mganga.

Siri yake ni hii. Anatafuta mfululizo mrefu kuliko yote. Katika kurusha 200 kwa kweli, mfululizo wa 6 wa upande mmoja hutokea zaidi ya mara 9 katika 10, na hata wa 7 karibu mara 8 katika 10. Lakini mtoto anayetunga kwa kichwa chake anaogopa. Akiisha andika kichwa mara nne, mkono wake unasimama: anawaza kwamba sasa namba ina haki ya kuja. Mchezo huo ulitoka shuleni ukaenda universite: Erdős na Rényi walithibitisha katika mwaka 1970 namna mifululizo hiyo inavyokua kwa kadiri ya kurusha, na Révész, akisema mbele ya wenye matematika wa dunia nzima katika Helsinki mwaka 1978, alianza na habari ya watoto wa Varga.

Niruhusiwe kutoka njiani kidogo. Woga ule wa mtoto wa Budapest, kwamba jambo moja haliwezi kufuatana mara sita bila mkono wa mtu, sisi tunaujua kwa sura nyingine. Nyumba moja inazika watu watatu katika miezi miwili. Watu wanasema: mara moja ni bahati mbaya, mara mbili tunanyamaza, mara tatu yuko mlozi. Na tangu miaka ya 1990 katika miji yetu mara nyingi aliyeshitakiwa ni mtoto, mara nyingine yatima, akafukuzwa akalale barabarani. Ndiyo sababu sheria ya Kongo ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa watoto inamwadhibu mtu anayemsingizia mtoto ulozi. Sisemi kwamba sarafu itafukuza hofu hiyo. Msiba si sarafu, na magonjwa yana sababu zake, ambazo yafaa kuzitafuta kwa daktari. Lakini yule aliyeona kwa macho yake, katika daftari yake mwenyewe, saba zikifuatana bila mtu kuzifuatisha, ana neno la kujiuliza ambalo mwenzake hana. Vile vile kijana anayetoa feza zake kila Jumamosi kwa kubeti juu ya mipira, akisema ameshindwa mara sita kwa hiyo zamu yake imekaribia: yeye ni mtoto wa karatasi ya uongo, amekuwa mtu mzima.

Kurudi kwa Varga: katika mwaka 1978 njia yake ilifanywa kuwa programu ya shule zote za Hungaria. Hapo taabu ilianza. Walimu wengi hawakuwa wametayarishwa. Wao wenyewe hawakuwa wamecheza. Mwalimu asiyejua mchezo unakwenda wapi huufanya haraka ili arudi kwenye ubao, au huogopa kelele za watoto. Mafundisho ya mikono ni magumu kuliko ya ubao, na nadhani wanaoyasifu mno hawajasimama mbele ya kalasi yenye dadu hamsini zinazodondoka chini pamoja.

Katika miaka ile ile Arthur Engel, Mdachi, alipata njia nyingine, aliyoitoa mwaka 1975. Unachora chini viduara vinavyounganishwa kwa njia, unaweka vijiwe, na kuvisogeza: kiduara kikijaa kiasi chake, unatoa kijiwe kimoja kwa kila njia. Unaendelea hivyo mpaka vijiwe vya ndani vikae tena kama mwanzo, kisha unahesabu vilivyotoka. Hesabu hiyo inakupa jibu sahihi kabisa bila kuandika fomula. Mtu aliyekua akicheza kisolo hahitaji mafundisho marefu ili aelewe mkono unafanya nini.

Tena ilikuja mashini. Tangu mwaka 1927, Tippett alipotoa buku lenye tarakimu 41,600 zisizo na mpango, mtu aliweza kuiga bahati bila kurusha kitu. Leo simu ndogo inarusha sarafu 10,000 kabla hujafumba jicho. Ni msaada, lakini kwa watoto uje nyuma. Mtoto asiyerusha kwanza kwa mkono hana sababu ya kusadiki kwamba simu haimdanganyi, na pengine ni vema asisadiki.

Kwetu kuna kizuizi cha kuchekesha: sarafu hatuna. Tangu franka ya Kongo ilipoanza kutumika mwaka 1998, feza tunayoshika ni ya karatasi. Mwalimu atumie basi punje za mahindi zilizopakwa makaa upande mmoja, au vipande vya ubao vilivyokatwa sawasawa. Na wingi wa watoto, ambao kila siku tunaulilia, hapa ni mali: kalasi ya watoto 50, kila mmoja akicheza mchezo wa Buffon mara 41, inapita ile 2,048 katika somo moja, na kila daftari ina jina la mwenyewe juu yake.

Au atumie vifuniko vya chupa za limonadi. Kifuniko hakilali sawa pande zote mbili, na kiasi chake hakimo katika buku lo lote. Hubadilika hata kwa namna kilivyopindwa kilipofunguliwa. Watoto watauliza jibu ni ngapi. Mwalimu hatalijua, itamlazimu kuketi chini arushe pamoja nao.